Transmita ikilala saa nane usiku, simu ya nani italia?



Leo naomba tuache kidogo habari za simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu mashine ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho ingawa tunaisikia kila siku: transmita ya redio. Na ndani ya habari hiyo nitachukua jambo dogo moja tu, alamu ya nguvu. Yaani ule utaratibu wa kumwambia fundi kwamba transmita iliyotakiwa kutoa wati 1,000 sasa inatoa 400, au haitoi chochote.

Maoni yangu nayaweka mapema ili asiyekubaliana nami ajipange. Stesheni ndogo nilizopata kuziona kwa ndani zina alamu za jina tu. Ziko kwenye kitabu cha mashine na kwenye kioo cha mbele cha transmita, lakini hazimfikii mtu. Na kuzifanya zimfikie mtu si kazi ya mamilioni. Ni kazi ya mtu mmoja kukaa chini, kufikiri na kuandika programu fupi.

STUDIO INAJISIKILIZA YENYEWE

Kwa wale wasiojua, studio na transmita mara nyingi haziko pamoja. Studio inakuwa mjini, karibu na wageni na wafanyabiashara. Transmita inawekwa pale penye mwinuko na mnara, pengine mbali huko bara, na sauti hupelekwa kwa kiungo cha mawimbi au kwa intaneti. Mtangazaji anavaa vifaa vya masikioni, anajisikia vizuri, mishale inacheza, anaendelea na salamu zake. Lakini sauti anayoisikia huenda inatoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti iliyo mbele yake, haijafika hewani wala kurudi. Transmita inaweza kuwa imekufa na yeye bado anaomba watu wapige simu!

Nilipata kazi ndogo kwenye stesheni moja ya hapa Mombasa, jina naliacha, ya kutengeneza programu ya kupanga matangazo ya biashara. Siku moja mteja aliyelipia tangazo akapiga simu kutoka upande wa Kwale: "Mbona siwasikii tangu juzi?" Studio wakamjibu kwamba wako hewani. Na kweli, ukifungua redio Makadara au Mji wa Kale, sauti ilikuwa safi kabisa. Fundi alipopanda kule juu akakuta transmita imejipunguzia nguvu hadi chini ya sehemu moja ya tano. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha kebo inayokwenda kwenye antena. Mashine yenyewe ilijua tangu dakika ya kwanza. Taa nyekundu iliwaka siku mbili ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, mtazamaji wake akiwa mjusi.

Ndiyo maana nasema tatizo halikuwa ukosefu wa alamu. Alamu ililia, ila mahali ambapo hapakuwa na sikio.

KWA NINI MJINI HATUKUSIKIA TOFAUTI?

Swali zuri. Redio ya FM haififii polepole kama ile ya AM. Maadamu mawimbi yanayofika kwenye redio yako yako juu ya kiwango fulani, sauti inabaki safi. Yakishuka chini ya hapo, ghafla unapata mvumo na mikwaruzo, au stesheni nyingine yenye masafa hayohayo inaingia na kumeza ile ya kwanza. Kwa hiyo aliye karibu na mnara anaweza kupoteza asilimia 80 ya nguvu asijue, na aliye pembezoni akapotea kabisa.

Hesabu yake ni rahisi. Katika uwazi usio na kizuizi, masafa ambayo mawimbi yanafika kwa kiwango kilekile yanafuata kipeuo cha pili cha nguvu. Ukipunguza nguvu hadi nusu, ambayo mafundi huita kushuka kwa desibeli 3, umbali unabaki kama asilimia 71 na eneo linabaki nusu. Ukishuka hadi sehemu moja ya tano, umbali unabaki kama asilimia 45. Ardhini mambo hayawi sawasawa hivyo, kwa sababu kuna vilima, minazi na majumba, lakini picha ni hiyo.

Sasa jiulize, ni nani anayeishi pembezoni? Si meneja wa stesheni, wala mimi niliyekaa kisiwani na intaneti ya mkongo. Ni mkulima wa ndani huko Kinango na mvuvi wa kusini. Wale ambao redio kwao si mapambo ndio wanaokatika wa kwanza, na ndio wasiokuwa na njia ya kulalamika. Hili ndilo linalonikera hasa.

VITU VIWILI VYA KUPIMA

Transmita ya kawaida ya FM inakupa namba mbili muhimu. Ya kwanza ni nguvu inayokwenda kwenye antena. Ya pili ni nguvu inayorudi. Simama Mama Ngina wakati bahari imechafuka, tazama wimbi linavyogonga jabali na kurudi. Antena nzuri ni kama ufuo wa mchanga, inalimeza wimbi. Antena mbovu, au kebo yenye maji, ni jabali: wimbi linarudi lilikotoka na kuichoma mashine. Ndiyo maana transmita ikiona marejeo yamezidi hujipunguzia nguvu yenyewe. Inajiokoa.

Mafundi hueleza hali hii kwa kipimo kiitwacho VSWR. Ikiwa wati 1,000 zinakwenda na 40 zinarudi, VSWR ni 1.5, na kwa kawaida hapo unavumilia huku unapanga kwenda kuangalia. Zikirudi 111, ni 2, na hapo usisubiri Jumatatu. Uzuri wa namba hii ni kwamba mara nyingi inapanda kabla mambo hayajaharibika. Hewa yetu ya chumvi inakula viungo vya shaba, mvua za masika zinatafuta kila tundu, na VSWR inapanda kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Anayeiandika kila siku anaona ugonjwa unakuja. Anayengoja sauti ipotee anakwenda kuzika.

Na usisahau upande wa juu. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano inakuwekea mpaka wa nguvu. Kuuzidi ni kuwaingilia majirani. Zaidi ya hapo, redio ya FM inaishia megahezi 108, na hapohapo ndipo yanapoanzia masafa yanayotumiwa na ndege. Sisi tuna uwanja wa Moi pale Port Reitz. Transmita mbovu inayotapika mawimbi nje ya nafasi yake si mchezo.

MASOMO KUTOKA KENGELENI

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, mbele kidogo unafika Kengeleni. Jina linajieleza. Pale Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa Church Missionary Society miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye biashara ya utumwa, kuna kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wenyeji kwamba wateka watumwa wanakuja. Matatu zinapita hapo mchana kutwa, na wachache wanafikiri kwamba ile ni alamu, tena alamu iliyofanya kazi bila hata transista moja.

Nikiitazama kama mwanaprogramu naona mambo matatu. Ilikuwa na maana moja tu: hatari. Iliwekwa walipo watu, si mahali pa kufichwa. Na aliyeisikia hakuhitaji kuuliza "sasa nifanye nini?" Pima alamu za stesheni yako kwa mizani hiyo. Utashangaa ni ngapi zitabaki.

Chukua ile ya kwanza, maana moja. Nimeona mfumo uliowekwa alamu kwa kila kitu: joto limepanda nyuzi moja, feni imebadili kasi, nguvu imeshuka kutoka wati 1,000 hadi 985. Meseji 40 kwa siku. Wiki ya pili fundi akazima mlio wa simu. Ni kama kelele za magari yaliyoegeshwa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Kuna mtu bado anatoka nje kuangalia gari linapolia? Alamu inayolia bure inawafundisha watu kutosikia.

JINSI YA KUIPANGA

Haya, twende kwenye kazi yenyewe. Huu ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa stesheni ndogo:

1. Soma namba kutoka kwenye transmita. Mashine za kisasa zina tundu la mtandao na zinajibu kwa SNMP. Za zamani huwa na tundu la nyuma linalotoa volti ndogo inayolingana na nguvu. Hiyo unaipeleka kwenye kibadilishi cha volti kuwa namba, kisha kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Usiguse kabisa njia yenyewe ya antena, wati elfu moja zinaunguza na zinaua. Tumia tundu lililowekwa kwa kazi hiyo, na fundi awepo.

2. Weka vizingiti viwili kwa kila alamu. Kwa mfano, lia nguvu ikishuka chini ya asilimia 80, lakini usinyamaze mpaka irudi juu ya 90. Ukitumia kizingiti kimoja, nguvu ikicheza pale pale mpakani utapata lia-nyamaza-lia-nyamaza usiku kucha.

3. Ngoja kidogo. Hali ibaki mbaya kwa sekunde 60 mfululizo kabla ya kumwamsha mtu. Jenereta ikichukua nafasi ya stima kuna kuyumba kidogo, si kila kuyumba ni msiba.

4. Gawanya madaraja mawili tu. "Angalia kesho" inakwenda kwenye barua pepe. "Amka sasa" inapiga simu. La tatu halina haja.

5. Sikiliza kutoka hewani. Weka redio ndogo ya USB juu ya dari moja Mji wa Kale, na nyingine pembezoni, kwa mfano kwenye duka la jamaa Mariakani au Ukunda. Programu ipime nguvu ya mawimbi na ukimya. Hii ndiyo inayokwambia anachosikia mtu, si kinachosemwa na mashine. Lakini tahadhari: ukiweka alamu ya ukimya wa sekunde 5, italia kila msomaji wa Qur'ani akipumua kati ya aya. Weka 30 au zaidi.

6. Sanduku lisome tu, lisiweze kuamuru. Na ukurasa wa transmita usiufungue kwa dunia nzima huku neno la siri likiwa lile lililotoka kiwandani. Acha sanduku litume habari kwenda nje, lisipokee amri kutoka nje.

7. Jaribu kila mwezi. Punguza nguvu kwa dakika mbili usiku wa manane kwa makusudi, uone simu ya nani inalia na baada ya muda gani. Alamu isiyojaribiwa ni matumaini tu.

UKIMYA NAO NI HABARI

Kuna jambo la nane, na nimelitenga kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. KenGen ilisema zilipotea megawati zaidi ya 180. Agosti 2023 giza likatanda tena karibu nchi nzima. Sasa fikiri: stima imepotea, jenereta imegoma kuwaka, transmita imezima. Lile sanduku lako la alamu limechomekwa wapi? Kwenye soketi ileile! Na modemu yake? Hapohapo. Basi siku ile hasa unayoihitaji, alamu imekufa pamoja na mgonjwa.

Dawa yake ni kugeuza hesabu. Mlinzi wa usiku anapiga mbinja kila baada ya muda. Huamki kwa sababu umesikia mbinja. Unaamka kwa sababu hukuisikia. Sanduku litume "niko hai" kila dakika kwenda kwenye seva iliyo mahali pengine kabisa, mji mwingine au nchi nyingine. Zikipita dakika tatu kimya, seva ndiyo inayopiga simu. Ongeza UPS ndogo na laini ya simu ya akiba. Hapo stima ikatike, kebo ikatwe, mwizi abebe sanduku zima, bado utajua.

NANI ANAPIGIWA?

Hapa si suala la programu tena, ni suala la watu. Naona mtindo wa kupeleka alamu kwenye grupu la WhatsApp lenye watu thelathini: meneja, watangazaji, mhasibu, fundi na aliyekuwa fundi. Alamu inaingia katikati ya picha za harusi, na kila mtu anadhani mwenzake ameona. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kila usiku awepo mtu mmoja mwenye zamu, jina lake limeandikwa. Apigiwe yeye. Asipojibu kwa dakika 10, apigiwe wa pili, kisha meneja. Na pembeni pawe na karatasi moja: ukiona hivi fanya hivi, ufunguo wa chumba uko kwa nani, mafuta ya jenereta yako wapi. Na alipwe zamu yake, jamani. Kumwamsha mtu usiku wa manane bila malipo ni kumfundisha kuzima simu.

"MBONA UNAJISUMBUA?"

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: "Wasikilizaji wenyewe watatupigia." Wengi hawapigi. Anayekusikia kwa mikwaruzo anazungusha kisu na kwenda stesheni nyingine. Yule wa Kwale alipiga kwa sababu alikuwa amelipa pesa. Asiyelipa anaondoka kimyakimya.

La pili: "Redio imeshapitwa, watu wako kwenye intaneti." Mimi ni mtu wa intaneti, inanilisha. Lakini minara ya simu nayo inategemea stima na betri, na bando linahitaji pesa. Redio ya betri mbili haikuulizi salio. Mji huu umeishi na redio yake tangu siku za Sauti ya Mvita miaka ya 1940, na bado hatujapata kitu kingine kinachofika kila nyumba kwa bei ile.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipoipiga Bahari ya Hindi, mawimbi yalichukua saa nyingi kuvuka hadi kwetu. Watu wakaondolewa ufuoni. Kenya ilipoteza mtu mmoja, wakati Somalia ilizika mamia. Zile saa zilikuwa na thamani kwa sababu tu habari iliweza kuwafikia watu.

Na tusiende mbali. Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kufungwa kwa Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani na misikiti ilikuwa imefungwa. Wazee wasiojua kutumia simu za kisasa walikaa ndani ya zile nyumba za mawe wakiwa na redio pembeni ya mkeka: mawaidha, habari za hospitali, nani anaruhusiwa kwenda wapi. Mwezi kama ule, transmita inayofanya kazi kwa nguvu moja ya tano bila mtu kujua si hitilafu ya kiufundi. Ni mlango uliofungwa mbele ya mtu aliyekuwa akiutegemea.

La tatu: "Hatuna pesa." Sanduku la kusomea na redio ile ya USB kwa pamoja hazizidi bei ya simu ya kawaida. Programu ni mistari mia chache, na vijana wanaoweza kuiandika wako vyuoni hapahapa Mombasa wakitafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Mwiteni mmoja, mpeni chai na namba za transmita.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukikutana na mtu wa stesheni unayoipenda, usimuombe wimbo. Muulize swali moja: transmita ikilala saa nane usiku, simu ya nani italia? Akikutajia jina la mtu, mambo yako sawa. Akianza kukueleza habari za taa nyekundu, mpe makala hii.